Nani Aliyeanua Karafuu Zetu? Historia ya Ujirani wa Pemba Kila Ikifika Vuli

Leo naomba tuweke pembeni habari za wasanii na harusi za mastaa. Nataka kuwazungumzia watu ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa maarufu, na majina yao sitoyataja kwa sababu bado tunaishi nao mlango kwa mlango. Ukisoma mpaka mwisho utaelewa kwa nini.

Mie nimezaliwa na kukulia Vitongoji, Wilaya ya Chake Chake. Ukitoka Chake unaelekea mashariki, unapita Wawi kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo, harufu ya karafuu inakuingia puani utake usitake, halafu ndo unakuja kwetu. Jina lenyewe la kijiji linajieleza. Vitongoji ni vijiji vidogo vidogo, nyumba tatu hapa, nyumba nne kule, baina yao migomba, mihogo na kinjia cha miguu. Kwetu jirani si mtu mliyeshea ukuta. Ni mtu mliyeshea njia.

Sasa ikifika Oktoba, mawingu ya vuli yakianza kujikusanya, bibi yangu mzaa mama ana swali lake moja kila asubuhi. Haulizi bei ya karafuu. Anauliza, "Jirani yupo leo?" Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mazoea tu ya kizee. Baadaye ndo nikajua kuwa ndani ya swali lile kuna historia ya Pemba nzima.

KWA NINI JIRANI

Kwa wale ambao hawajawahi kuishi kwenye karafuu, nieleze kidogo. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka. Wanaume wanakwea juu, maana mkarafuu uliokomaa unapita mita kumi, na wanawake na watoto wanachuma matawi ya chini au wanaokota mpeta, zile zilizodondoka. Jioni zinaletwa nyumbani, watu wanakaa chini kuchambua, karafuu huku na makonyo huku. Asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi, siku nne mpaka wiki moja kutegemea jua. Kilo tatu mbichi zinakupa kama kilo moja kavu.

Zikinyeshewa na zikachelewa kuanuliwa, zinaanza kuchacha, rangi inapotea, na ukizipeleka kituoni zinashushwa daraja. Na mvua ya vuli mnaijua tabia yake. Haipigi hodi. Jua linawaka, ukigeuka tu wingu limeshafika uani. Mwenye karafuu yuko wapi wakati huo? Yuko shamba, juu ya mti, pengine mwendo wa saa nzima. Kwa hiyo anayeziokoa karafuu zako mara nyingi si wewe. Ni yule aliyebaki karibu.

Ndo maana bibi anauliza, jirani yupo leo?

WALIOLETA MTI NA WALIOLETA MIKONO

Mkarafuu si mti wetu wa asili. Kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia, na ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Vitabu vinamtaja Saleh bin Haramil kuwa ndiye aliyeleta mbegu, na vinamtaja Seyyid Said aliyewaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Pemba iliingia mikononi mwa Seyyid Said miaka ya 1820, baada ya Mazrui wa Mombasa kuondolewa, na mikarafuu ikafuata.

Mwanzoni Unguja ndiyo iliyotamba. Halafu Aprili 1872 kikapita kimbunga kikubwa, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ikasalimika. Tangu siku zile mpaka leo kisiwa chetu ndicho kinachotoa karafuu nyingi zaidi ya nusu, miaka mengine zaidi ya robo tatu ya zote za Zanzibar.

Hao niliowataja wana majina. Waliochimba mashimo, waliopalilia na waliokwea hawana. Walikuwa watumwa kutoka bara, na baada ya kile kimbunga Pemba ikawahitaji zaidi, hata ule mkataba wa 1873 wa kufunga biashara ya watumwa baharini haukuzuia majahazi kuwaleta kwa siri.

Utumwa ulifutwa kisheria Aprili 1897. Lakini sheria ile ilimtaka mtumwa mwenyewe aende kudai uhuru wake, fidia akalipwa aliyekuwa bwana wake, na masuria hawakuingizwa mpaka ilipokuja sheria nyengine mwaka 1909. Sasa walioachiwa huru walikwenda wapi? Wengi hawakwenda mbali. Walijenga vibanda vyao baina ya mikarafuu ile ile, wakalima muhogo wao, na ruhusa ya kukaa wakailipa kwa kupalilia shamba la mwenyewe.

Hebu fikiria hapo, mdau. Jana ulikuwa mali ya nyumba ile kubwa, leo wewe ni jirani yake. Ile salamu ya asubuhi ya kwanza ilikuwaje? Nani alitangulia kusema "subalkheri"? Hakuna aliyeandika. Lakini ilisemwa, kwa sababu karafuu zilianikwa na mvua ilinyesha.

Kuna kitu kimoja kiliandikwa, ingawa si kwa makusudi. Waingereza walifanya sensa mwaka 1924 na nyengine mwaka 1931. Baina ya sensa hizo mbili, watu waliojiandikisha kuwa ni "Waswahili", jina ambalo wakati ule lilinuka utumwa, walipungua mno. Waliojiita Wapemba, Watumbatu na Wahadimu wakaongezeka. Watu hawakufa wala hawakuhama. Walikuwa wameshakuwa wenyeji. Wameoa, wameozesha, wamezikana. Kwa maoni yangu hilo lisingewezekana kama majirani wasingekubali. Karani wa sensa anaandika unachomwambia, lakini majirani ndio wanaojua, na majirani walinyamaza. Kunyamaza kule kulikuwa ni ukarimu mkubwa kuliko sahani yoyote ya pilau.

DAGO

Mikono ya Pemba peke yake haikutosha. Karafuu zinakubali zote kwa pamoja, na mwaka wa mavuno makubwa hakuna mji unaoweza kuzimaliza kwa watu wake tu. Serikali ya Waingereza ilikuwa ikileta wachumaji kutoka Unguja kwa meli, na Watumbatu walikuja na vyombo vyao wenyewe. Bara pia walitoka watu, hasa Wanyamwezi, wengi wao kwa kazi ya kupalilia.

Hata sisi wa upande wa mashariki tulikuwa wageni msimu ule. Huku kwetu ardhi ina mawe zaidi. Mikarafuu imejaa katikati na magharibi ya kisiwa. Kwa hiyo familia zilifunga mizigo, sufuria, majamvi, kuku mmoja wawili, zikaenda kupiga dago. Dago ni kambi, vibanda vya makuti shambani, mnakaa miezi miwili mitatu mpaka mti wa mwisho uishe.

Bibi yangu si wa Vitongoji. Ni Mtumbatu. Alikuja Pemba na mama yake mwaka mmoja kabla ya Mapinduzi, yeye ni kijisichana cha kuokota mpeta. Walishuka Mkoani, wakapelekwa dago upande wa Mtambile. Kibanda cha pili kutoka chao alikuwepo mama mmoja wa Vitongoji na watoto wake. Siku ya kwanza hawakusemezana. Mtumbatu na Mpemba kila mmoja anamuona mwenzake lafudhi yake kichekesho.

"Tulijuana kwa kuchambua," bibi husimulia. "Mchana kila mtu yuko na mti wake. Usiku taa ni moja, mafuta ya taa ghali, basi mnakaa duara moja. Mkono unachambua, mdomo hauna kazi. Utasema tu."

Wakasema. Nani kaolewa wapi, nani kaachwa, mtoto wa nani ana degedege na dawa yake nini. Wakala muhogo wa nazi chungu kimoja. Malipo yalikuwa kwa pishi, na yule mama wa Vitongoji alijua kuhesabu, akawa anamuhesabia mama wa bibi ili asipunjwe. Msimu ulipokwisha akamwambia, "Dada, usirudi Tumbatu na vumbi la shamba. Pitia kwangu, mupumzike." Wakapumzika wiki. Msimu uliofuata wiki mbili. Miaka michache baadaye kile kijisichana kikaolewa na mtoto wa yule mama. Huyo mtoto ndiye babu yangu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pemba tunampa pishi la karafuu, na akilijaza vizuri tunampa na mtoto.

Na jirani yetu, yule ambaye bibi anauliza kama yupo? Baba yake alitoka bara kuja kupalilia mashamba, akaoa hapa, akazikwa hapa. Kwa hiyo zile nyumba mbili za mwanzo kwenye njia yetu, moja ina damu ya Tumbatu, nyengine ina damu ya Unyamwezi, na zote zikiulizwa zinasema "sisi Wapemba". Na ni kweli.

NJIA ILIYOOTA MAJANI

Nisiwadanganye mkadhani ilikuwa sukari tupu. Ujirani wetu umevunjika si mara moja.

Mara ya kwanza ilikuwa zile wazee wanazoziita zama za siasa, tangu uchaguzi wa kwanza wa 1957 mpaka 1963. Watu waligomeana maduka, wakagomeana maziko, na wenye mashamba wengine wakawafukuza waliokuwa wanaishi baina ya mikarafuu yao kwa sababu ya chama. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, mashamba makubwa yakachukuliwa, watu wakagaiwa eka tatu tatu. Serikali ikawa ndiyo mnunuzi wa karafuu, na wanafunzi wa skuli wakapelekwa makambini kuchuma. Wengi wa rika la mama yangu walijuana na watoto wa vijiji vya mbali huko.

Mara ya pili ni vyama vingi vilivyorudi. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 1995 Pemba iligawika mpaka ndani ya nyumba. Kulikuwa na duka la hawa na duka la wale, gari ya hawa na gari ya wale. Mtu akifa unatazama kwanza alikuwa upande gani ndipo uchukue jembe. Januari 2001 watu walipigwa risasi hapa kisiwani, wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Yale ni majeraha makubwa kuliko blogu yangu na sitojifanya nayajua yote. Mie nasema la njia yetu tu.

Bibi anasema katika miaka ile kinjia baina ya nyumba yetu na ya jirani kiliota majani mpaka magotini. Hakuna aliyekifunga. Hakikupitwa tu. Yule mzee wa jirani alikuwa mlezi wa mama yangu kwenye harusi yake, na bado walipitana barabarani kila mmoja anatazama mchanga.

Novemba 2009 wakubwa wakakaa wakaridhiana, na Julai 2010 ikapigwa kura ya maoni, thuluthi mbili ya watu wakakubali serikali ya umoja. Njia ikafyekwa. Mie nilikuwa mdogo skuli ya msingi, nakumbuka tu kuwa ghafla kulikuwa na nyumba nyengine ya kwenda kula.

Halafu ikaja 2015, uchaguzi ukafutwa, ukarudiwa Machi 2016, na majani yakaanza kuota tena. Sitosema sisi tulikuwa upande gani na wao upande gani. Wadau mnaoishi mbali mnaweza kuhisi ni jambo dogo. Lakini mimi nilikuwa kijana wa sekondari, na niliambiwa nisimuamkie mtu aliyenifundisha kuogelea. Nikatii. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Hakuna aliyenishika mkono. Nilitii mwenyewe.

SIKU YA MVUA

Vuli ya mwaka huo huo tulikuwa tumeanika. Mjomba wangu ana miti michache, karafuu za wiki nzima zilikuwa uani kwenye majamvi matano. Asubuhi ikaja habari ya msiba Wete, watu wazima wote wakaondoka. Wakaniambia nikitoka skuli niende moja kwa moja nyumbani, nitazame karafuu.

Sikwenda moja kwa moja. Tulikuwa na mpira.

Wingu liliposhuka nilikuwa mbali. Nilikimbia viatu mkononi, na kila hatua nilikuwa nahesabu hasara. Pesa ile ilikuwa ya ada yangu, ya dawa ya presha ya bibi, na ya bati la jikoni. Nilipofika mvua inapiga kama mawe, na uani hakuna kitu. Nikadhani zimeibiwa.

Zilikuwa barazani kwetu. Zimekusanywa kwenye mapolo, yamepangwa mbali na michirizi, juu yake turubai ambalo si letu. Majamvi yamekunjwa, yamesimamishwa ukutani. Pembeni alikuwa amekaa yule mzee, maji yanamtiririka kwenye kofia, na wakwe zake wawili wanakamua kanga zao.

Nikasimama kwenye mvua sijui niseme nini. Miezi saba sikumuamkia.

"Shikamoo babu," nikasema.

"Marahaba. Ingia ndani, utapata homa." Akanyamaza kidogo. "Jamvi moja liliwahi kurowa. Mwambie bibi yako alitenge lile polo la mwisho, lisije likaharibu mengine."

Basi. Hayo tu. Akainuka, wakaondoka, akapita kwenye kile kinjia, majani yanamfika magotini.

Usiku bibi aliporudi nikamwambia kila kitu, na mpira nikausema. Sikupigwa. Alikwenda barazani na taa, akafungua mapolo moja moja, akatia mkono mpaka chini kupima kama kuna unyevu. Akakaa. Akasema, "Turubai la watu halikai kwetu siku mbili."

Asubuhi alilikunja turubai, akaweka juu yake sahani ya mkate wa kumimina, akanipa nipeleke. Jioni sahani ikarudi ina mbaazi. Si mnajua, chombo cha watu hakirudi kitupu. Ikaenda tena na samaki, ikarudi na maembe. Hakukuwa na kikao wala aliyeomba radhi. Ila baada ya wiki moja bibi alimwambia mjomba achukue panga akafyeke njia, "maana mtoto anapita na sahani, ataumwa na nyoka".

Siasa ya juu haikubadilika kwa sahani ile. Vijiji vingi viliendelea kugomeana, na kwetu pia walikuwepo waliotusema kuwa tumeuza msimamo kwa mkate. Bibi aliwajibu kwa swali moja tu: "Mvua ikija, nyinyi mtakuwepo?" Walikaa mbali, wasingekuwepo. Nao walijua.

SASA HIVI

Siku hizi mambo yamebadilika. Serikali ilipopandisha bei mwaka 2011, watu walirudi kuchuma kwa bidii. Lakini wachumaji wengi wanalipwa kwa kilo, wanakuja na kuondoka, na dago la familia nzima linazidi kuwa hadithi. Vijana wenzangu wako Unguja, Dar, Muscat. Habari ya mvua tunapeana kwenye kundi la simu. Mtu anaandika "jamani wingu hilo", na anayeandika yuko Muscat, kaona kwenye picha ya mwenzake!

Sisemi simu mbaya, mie mwenyewe ndo riziki yangu hii. Nasema tu simu haianui.

Nimekaa sana nikijiuliza kwa nini hakuna kitabu cha watu hawa. Aliyeleta mbegu yupo kitabuni. Aliyeamuru zipandwe yupo. Waliogombana 1957 na 1995 wapo, na waliopatana 2009 wapo. Lakini yule mama wa Vitongoji aliyehesabu pishi za mgeni ili asipunjwe hayupo. Wale majirani waliomwacha mtu ajiite Mpemba bila kumkumbusha babu yake alikuwa nani hawapo. Kisiwa hiki kimepasuka mara ngapi, na kila mara waliokishona ni hawa, kwa kazi ndogo ambayo haina jina la mtu: kuanua.

Yule mzee bado yupo, macho yamepungua. Mwaka huu yeye hawezi tena kukimbilia wingu. Kwa hiyo tangu Septemba zamu ni yangu. Kabla sijatoka nyumbani namuuliza mkwe wake, "Leo mumeanika?" Wakiwa wameanika siendi mbali. Jana nilikatisha mpira, nikafika kabla ya tone la kwanza. Yeye alikuwa amekaa mlangoni, akasikia majamvi yanakunjwa, akauliza, "Nani huyo?"

Nikamwambia, "Jirani."

Haya wadau, nyumbani kwenu nani alianua karafuu zenu, au nguo, au mpunga, mlipokuwa hamupo? Tuandikie hapo chini. Jina si lazima.